Ushahidi wa Jicho na Matamanio ya Moyo

Liko suala ambalo watu wengi hudhani limekwisha jibiwa, na kwa hivyo hawaliulizi tena: je, mtu mkweli aweza kutoa ushahidi wa uwongo? Ukimwuliza mtu yeyote njiani atakujibu papo hapo kuwa jambo hilo haliwezekani, kwani mkweli ni yule asemaye kweli na mwongo ni yule asemaye uwongo, basi mambo yamekwisha. Lakini jawabu hili lina upungufu. Mwongo ni mtu asemaye kinyume cha ayajuayo. Ama yule asemaye kinyume cha mambo yalivyo, naye moyoni mwake ana hakika kuwa ndivyo yalivyo, huyo hatuwezi kumwita mwongo. Na pamoja na hayo neno lake si kweli, na madhara yake ni yale yale, na pengine huzidi, kwa sababu mwongo hujulikana akaepukwa, na mkweli huaminiwa.

Twataka basi kutazama ni nini kimpasacho mtu kukitimiza kabla hajasema neno hili dogo, "Nimeona." Na mfano tutakaouchukua ni wa ndege. Twajua wako watakaocheka na kusema: Watu wana madeni na mirathi na kesi za mashamba, na nyinyi mwatuletea khabari za ndege! Na wacheke, lakini wangoje kidogo. Katika kesi ya shamba ushahidi wa uwongo huchanganyika na tamaa ya mali, na chuki, na kupendelea jamaa, na khofu ya mwenye nguvu, hata usiweze kutenga lipi ni kosa la jicho na lipi ni kosa la nafsi. Bali mtu aendaye ziwani asubuhi na darubini yake kutazama ndege hapati hata senti moja, wala hana adui ziwani, wala ndege hawana hawala naye. Akikosea huyo, hapana wa kulaumiwa ila jicho lake na moyo wake. Ndiyo sababu mfano huu ni safi kuliko ile mingine, na aliyeufahamu huu hatashindwa kuupeleka mahakamani mwenyewe.

Ndege tumtakaye ni katika wale waitwao kwa Kiswahili bata bukini. Bukini ni jina la kale la kisiwa cha Madagascar, ingawa ndege huyu tutakayemtaja hajapata kukiona kisiwa hicho. Kwa ufupi tutamwita bukini tu. Wako bukini wa aina nyingi, na katika hao wako wawili wanaofanana mno, wote wana rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na miguu ya rangi ya chungwa, na weupe katika paji la uso juu ya mdomo, na mistari myeusi tumboni. Wote huzaa katika nchi za baridi kali za kaskazini, na wakati wa baridi hushuka kusini kutafuta majani. Mmoja ni mkubwa, na makundi yake ni ya maelfu kwa maelfu. Wa pili ni mdogo, na katika nchi za magharibi ya Ulaya ni nadra kabisa, hata mtu aweza kutazama ndege maisha yake yote asimwone hata mara moja.

Watu husema: Basi tatizo liko wapi? Mkubwa ni mkubwa na mdogo ni mdogo. Lakini mkubwa hupimwa urefu wake kuwa sentimita 65 mpaka 78, na mdogo 53 mpaka 66. Maana yake ni kuwa mdogo aliyetimia aweza kumpita mkubwa aliyedumaa. Na kipimo hiki ni cha ndege aliyelazwa juu ya meza. Ndege aliye hai husimama bondeni au juu ya tuta, hunyosha shingo au huikunja, nusu ya mwili wake hufichwa na majani, na ukubwa wake huufahamu kwa kumlinganisha na jirani yake, na jirani naye humjui. Kwa hivyo wajuzi hawategemei ukubwa. Hutazama duara la manjano lizungukalo jicho, ambalo kwa mdogo ni wazi kama pete ya dhahabu. Hutazama weupe wa paji, ambao kwa mdogo hupanda juu mpaka karibu ya utosi. Na mdomo wake mfupi wa rangi ya waridi. Na ncha za mabawa zipitazo mkia akiwa amesimama. Na hata mwendo wake, kwani mdogo hula kwa haraka na kutembea kwa haraka kuliko wenziwe. Na hapo pia hapakosi la kuvuruga. Wako wakubwa wenye duara hafifu la manjano machoni. Makinda ya aina zote mbili hayana paji jeupe wala mistari ya tumboni katika miezi yao ya kwanza. Na bukini wa aina mbalimbali, khasa wafugwao, huzaana wenyewe kwa wenyewe, wakatoa mtoto mwenye jicho la huyu na kichwa cha yule. Basi hapana alama moja iliyo peke yake itakayokutosha. Lazima zikutane kadhaa katika ndege mmoja kwa wakati mmoja.

Tena tusisahau kuwa unadra wenyewe si sifa ya ndege, ni sifa ya mahali. Yuko bukini wa Misri, ambaye mtu wa Naivasha humwona kila siku kando ya ziwa wala hageuzi shingo. Huyo huyo alipelekwa Uingereza kupamba mabwawa ya mabwana wenye mashamba makubwa, akatoroka, akazaa, na ilipofika mwaka 1971 ndipo wataalamu wa huko walipomwandika katika daftari ya ndege wa nchi yao. Kwa hivyo anayesema "nimeona ndege wa ajabu" hasemi khabari ya ndege peke yake. Asema pia khabari ya nafsi yake na mahali aliposimama, na wenziwe watasemaje atakapowaeleza.

Sasa mfikirie mtu mwenye ziwa karibu na mji wake, katika nchi moja ya Ulaya. Ni mwalimu, au karani, mtu mwema, hajapata kudhulumu. Kwa miaka ishirini amekwenda ziwani humo kila mapumziko yake, na amewaona bukini wakubwa mpaka amewachoka. Asubuhi moja ya baridi, ukungu unainuka, aona katika kundi ndege mmoja aliye mdogo kidogo. Moyo unapiga. Tazama sasa litokealo. Kabla ya pigo lile la moyo alikuwa akitazama ndege. Baada yake, atazama kama ndege huyu ni yule. Jicho lake halikubadilika, lakini amri lililopewa imebadilika. Atafuta duara la manjano, na katika mwanga ule wa asubuhi ambao hufanya kila kitu kuwa cha manjano, alipata. Atafuta weupe wa paji, na ndege ainamisha kichwa, na weupe waonekana kupanda. Ama ile miguu na mdomo na mabawa, ambavyo huenda vingemkanusha, havikumwita, naye hakuviuliza. Kisha kundi laruka. Kila kitu kilikwisha katika muda wa dakika mbili au tatu.

Njiani akirudi nyumbani kazi ya pili yaanza, nayo ni ya khatari kuliko ile ya kwanza. Kumbukumbu yajipanga. Yale aliyoyaona kwa shaka yapata nguvu, na yale ambayo hakuyaona yaingia kimya kimya na kukaa mahali pake, kwa sababu amekwisha soma vitabuni kuwa ndege yule ana mabawa yapitayo mkia, na sasa akikumbuka aona mabawa yanapita mkia. Hadanganyi mtu. Lau ungemwapisha angeapa. Na akifika mjini akawaeleza rafiki zake, jambo limefungwa kwa fundo. Kwani kabla hajasema alikuwa mtazamaji, na baada ya kusema amekuwa wakili, na wakili hatazami ila yanayomsaidia mtu wake.

Ikiwa wadhani tumetia chumvi, soma khabari ya Giraldus, padri mwenye ilimu aliyeandika kitabu juu ya nchi ya Ireland katika karne ya 12. Wakati huo watu wa Ulaya waliwaona bukini wa aina nyingine, weusi na weupe, wakija kila mwaka wakati wa baridi, wala hawakupata kuona kiota chao wala yai lao. Wakasema kuwa ndege hawa hawazaliwi kwa mayai bali huota katika magogo yaliyomo baharini. Katika pwani kuna viumbe vidogo vyenye makombe, viganda katika mbao na chini ya vyombo, kama ajuavyo kila nahodha wetu aliyepata kupandisha jahazi lake kuliparuza. Na wako wa jinsi yao wenye shingo ndefu waning'inia katika gogo lielealo, na kutoka katika makombe yao hutokeza nyuzi laini kama manyoya. Giraldus aliandika kuwa mara nyingi, kwa macho yake mwenyewe, ameona zaidi ya elfu wa ndege hao wachanga wakining'inia katika gogo moja ufuoni. Hatuna sababu ya kumwita mwongo. Magogo aliyaona, na makombe aliyaona, na nyuzi zile aliziona. Ndege peke yake ndiye asiyekuwako, na yeye alitiwa na khabari ambayo Giraldus alikwenda nayo ufuoni kabla ya kufika.

Baada yake, katika karne ya 13, Mfalme Frederick wa Pili, aliyekuwa na wanavyuoni wajuao Kiarabu katika jumba lake, na aliyefasirisha kwa Kilatini kitabu cha Kiarabu juu ya kuwinda kwa ndege, aliisikia khabari hiyo. Hakuikubali wala hakuicheka. Alituma watu kaskazini wakamletea mbao zenye makombe yale, akayatazama, asione ndani yake umbo lolote la ndege. Akaandika katika kitabu chake kuwa hadithi hii hana budi kuitilia shaka, na kuwa asili yake huenda ikawa ni watu kutojua mahali wazaapo bukini hao, nao huzaa mbali kabisa. Na hivyo ndivyo ilivyothibiti: mwaka 1596 mabaharia wa Kiholanzi katika safari ya Willem Barents walifika visiwa vya Spitsbergen katika bahari ya barafu, wakawakuta bukini wa jamaa hiyo wamelalia mayai. Lakini hadithi ya magogo haikufa mwaka huo, iliendelea kusimuliwa muda mrefu baadaye, na sababu yake ni kuwa aliyekwisha "kuona" haachi kwa kuambiwa.

Kwa ajili ya udhaifu huu wa macho, wataalamu wa ndege wa karne ya 19 walikata shauri moja zito: hatukubali neno la mtu, tuleteeni ndege mwenyewe. Aliyetaka kusadikiwa alikuwa hana budi kumpiga ndege risasi, na kuichuna ngozi yake, na kuipeleka makumbusho. Na kwa kweli bukini mdogo wa kwanza kuthibitishwa Uingereza alipigwa risasi huko Northumberland mwaka 1886. Tukiacha ukatili wa jambo hilo, kwamba kitu kikiwa adimu ndipo kiuawe ili ijulikane kuwa ni adimu, waliona kuwa angalau wameupata ukweli usio na matata. Ngozi haisemi uwongo.

Ni kweli ngozi haisemi uwongo, lakini haisemi kitu chochote. Ukiwa nayo mkononi, ni nani aliyekwambia kuwa ndege huyu alikuwa hai katika ziwa fulani siku fulani? Ni mtu. Basi tumerudi pale pale. Karibu na mji wa Hastings, kusini ya Uingereza, tangu mwaka 1892 mpaka 1930 zilipatikana ngozi za ndege wa nadra wengi kupita kiasi, na nyingi zilipitia kwa fundi mmoja wa kujaza ngozi za ndege. Ziliandikwa katika vitabu, na vitabu vikasomwa. Kisha mwezi wa Agosti 1962 gazeti la British Birds likatoa uchunguzi mrefu, pamoja na hesabu zilizopigwa na bwana Nelder, zikaonyesha kuwa wingi ule hauwezi kuwa wa kawaida ukilinganisha na sehemu za jirani na miaka iliyofuata. Na khabari zote za namna hiyo zikafutwa, na majina ya ndege kadhaa yakatoka katika daftari ya nchi. Ndege walikuwa wa kweli, na ushahidi ulikuwa si kweli. Wanavyuoni wetu wa hadithi waliyajua haya zamani sana: hawakuridhika na uzuri wa maneno yaliyopokewa mpaka wawajue wapokezi mmoja mmoja, tena hawakutosheka na uadilifu wa mpokezi, walimtaka pia awe hodari wa kushika, na wako watu wema wacha Mungu ambao riwaya zao ziliwekwa kando, si kwa uwongo bali kwa udhaifu wa kushika, wala wema wao haukupunguka kwa hilo.

Sasa tutamleta mtu ambaye aliona kweli, ili isidhaniwe kuwa twafundisha watu kutosadiki chochote. Peter Scott alikuwa mwana wa yule Kapteni Scott aliyefariki mwaka 1912 akirudi kutoka Ncha ya Kusini. Katika ujana wake aliwinda bukini kwa bunduki, na aliwachora kwa rangi, na mwisho akaiacha bunduki akabaki na rangi. Alikuwa na fikira moja iliyomkaa: kwamba katika makundi yale ya bukini wakubwa yajayo Uingereza kutoka Urusi, lazima wamo na wadogo wachache waliofuatana nao, ila watu hawawatambui. Mwezi wa Desemba 1945, vita vikiwa vimekwisha miezi michache tu, alikaribishwa Slimbridge, katika majani ya kando ya mto Severn, pamoja na rafiki zake. Walijificha katika kijumba cha saruji kilichobaki cha wakati wa vita, mbele yao maelfu ya bukini wakubwa wanakula. Na mmoja katika wenziwe akamwonyesha ndege aliyemtia mashaka. Alikuwa ni mdogo. Tangu yule wa mwaka 1886 hapakuwa na mwingine aliyethibitishwa Uingereza kwa miaka 59. Mwaka uliofuata, 1946, Scott akaanzisha mahali pale pale jamaa ya kuhifadhi ndege wa majini, ambayo iko mpaka leo na mabwawa yake yamekuwa kimbilio la ndege katika sehemu nyingi za Uingereza.

Msomaji mwenye akili ataniuliza: Huyu naye si alikwenda na matamanio yake? Si alikuwa akitaka kumwona mdogo kama Giraldus alivyotaka kuona ndege katika magogo? Naam, alitaka. Na ndipo penye nguzo ya maneno yetu, kwani si kweli kuwa kutamani kwenyewe ni kosa. Asiyetarajia kitu haoni kitu. Bukini wadogo walionekana Slimbridge tena na tena katika miaka iliyofuata, na tukiyazingatia hayo ni vigumu kuamini kuwa katika miaka yote ile 59 hakupita hata mmoja. Kilichokosekana, kwa kadiri iwezekanavyo kujua, ni mtu mwenye kuuliza. Walitazamwa na wakulima na wawindaji, na pengine walipigwa na kuliwa, na hapana aliyewaona. Kwa hivyo anayesema "hakuna" naye ni shahidi kama yule asemaye "yuko", na ushahidi wake wahitaji dalili vile vile. Lakini watu humdai dalili huyu wa pili tu, na yule wa kwanza huachwa apite bure kwa sababu neno lake halina mshindo.

Tafauti ya Scott na Giraldus haimo katika kutamani. Imo katika jinsi kila mmoja alivyoyaweka matamanio yake. La Scott lilikuwa ni suala ambalo jawabu lake laweza kuwa la: ikiwa hana duara la manjano, si yeye, ikiwa paji halipandi, si yeye. Alikuwa na macho mengine pembeni yake, na jicho la kwanza kumshuku ndege halikuwa lake. Na ndege walibaki, watu wengine wakaja wakawatazama. La Giraldus halikuwa na mlango wa kutokea. Kila kombe aliloliona lilikuwa ni ushahidi wa ndege, na lau lingekuwa tupu angesema ndege amekwisha ruka.

Mwaka 1959 iliundwa Uingereza kamati ya watu kumi wa kupima khabari za ndege wa nadra. Anayedai kumwona ndege kama huyu huulizwa mambo ambayo mtu mwenye haraka huyaona ni maudhi. Ulikuwa umbali gani? Jua lilikuwa upande gani? Ulimtazama muda gani, na kwa chombo gani? Ulipata kumwona ndege wa aina hii zamani? Ni ndege gani wengine wanaofanana naye, na kwa nini si hao? Hili la mwisho ndilo zito, kwani lamlazimisha shahidi kusimama upande wa pili wa kesi yake mwenyewe. Siku hizi huongezwa picha, na picha zimesaidia sana. Lakini picha nayo yahitaji mtu aseme ilipigwa wapi na lini, na kwa hiyo ngozi ya Hastings imebadilika nguo tu.

Na jawabu la kamati likiwa ni kukataa, husemwa kuwa haikuthibitika. Hapa tutasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo urafiki uvunjikapo. Mtu aliyeambiwa "haikuthibitika" husikia "wewe mwongo." Hukasirika, hususa, wengine huacha kupeleka khabari zao kabisa, na wengine husema: "Miaka ishirini mwanijua, leo hamnisadiki?" Nami naona kuwa ghadhabu hii ni kosa la tabia kubwa kuliko kosa la jicho. Kukosea kuona ni jambo la umbo la mwanadamu. Ama kudai kuwa heshima yangu ndiyo dalili ya neno langu, hiyo ni kuwaondolea wenzangu haki yao ya kupima, na kuwaweka katika shida ya kuchagua baina ya kunikosea adabu na kuukosea ukweli. Mtu akikupa khabari pamoja na njia ya kumkanusha, amekuheshimu. Akikupa khabari na uso wake tu, amekubebesha mzigo. Kwa upande wa pili, wapimaji nao wasijisahau. Wako ambao hukataa ili waonekane wajuzi, na neno "haikuthibitika" laweza kutamkwa kwa kiburi kama lile la "nimeona".

Bado huenda mtu akasema kuwa haya yote ni mchezo wa watu waliokosa kazi, kwani akiwa mkubwa au akiwa mdogo, ndege ni ndege. Basi nenda ziwa la Kerkini, kaskazini ya Ugiriki. Huko hupumzika wakati wa baridi sehemu kubwa ya bukini wadogo wazaliwao katika nchi za kaskazini kabisa za Norway. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege hao wa kaskazini ya Ulaya walikuwa wakihesabiwa kwa maelfu. Ilipoanza karne ya 21 walibaki jozi za makumi tu. Na sababu kubwa katika sababu zilizowamaliza ni bunduki, katika njia ndefu wazipitazo za Urusi na Kazakhstan na kusini ya Ulaya. Katika nchi nyingi za njia hizo ni halali kumwinda bukini mkubwa, na ni marufuku kumwinda mdogo, nao huruka pamoja. Mwindaji aliyejificha katika matete alfajiri, kundi likapita juu ya kichwa chake, haoni duara la jicho, wala paji. Aona kivuli, na moyo wake wamwambia ni mkubwa, kwa sababu mkubwa ndiye aliyemjia. Huyu ni yule yule mtu wetu wa ziwani, ila matamanio yake yamegeuka upande wa pili: yule alitaka awe nadra, huyu ataka awe wa kawaida. Na katika jozi chache kama hizo, kila risasi yahesabika.

Wasweden walijaribu hila ya kuwaepusha na njia hiyo. Kuanzia mwaka 1981 waliyaatamisha mayai ya bukini wadogo waliofugwa kwa bukini wa aina nyingine, wale wale weusi na weupe wa hadithi ya magogo, ili makinda yawafuate walezi wao mpaka Uholanzi, ambako ni salama kuliko kusini-mashariki. Hila ilifaulu. Makinda yalikua, yakaenda Uholanzi, yakarudi, yakazaa. Lakini ndege wale wa kufugwa walipochunguzwa katika damu yao, kwa vipimo vya urithi ambavyo zamani havikuwako, ilionekana kuwa baadhi yao walikuwa na nasaba ya bukini mkubwa ndani yao, ingawa machoni walikuwa wadogo watupu. Mwaka 1999 kazi ya kuwaachia ikasimama. Wataalamu wakagawanyika, wengine wakitaka waliokwisha achiwa waondolewe mwituni, wengine wakisema kuwa kundi lililokwisha zoea nchi halifai kuharibiwa. Kuanzia mwaka 2010 wakaachiwa wengine tena, waliotokana na ndege waliokamatwa mwituni Urusi.

Kwa hivyo mtu wa Uholanzi anayesimama leo kando ya ziwa lake wakati wa baridi, akamwona bukini mdogo, duara la dhahabu liko, weupe umepanda, mabawa yapita mkia, mwanga mzuri, na wenziwe wawili wako pembeni nao wameona, bado haijui nasaba ya ndege huyo, wala hapana darubini itakayomwonyesha. Akiulizwa, yampasa kusema alichokiona: umbali hatua mia mbili, jua nyuma yake, robo saa, na alama moja moja kwa mpango alioziona, pamoja na ile ambayo hakuweza kuiona kwa sababu ya majani.